Betri Nzima, Ruhusa Nusu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla dada yangu hajausimulia, maana yeye akiusimulia anaongeza chumvi mpaka na mimi namwogopa huyo mtoto anayemtaja. Niliinama nyuma ya banda la mbuzi, nikaingiza mdomo kwenye shingo ya bidoni, dumu tupu la mawese, nikampigia mama simu nikijifanya kampuni.

Ukisemea ndani ya bidoni, sauti inatoka nene, kama ya mtu mwenye meza kubwa na tumbo la kuiegemea. Kadi ya simu nilikuwa nimeazima kwa rafiki yangu wa darasani ili namba isinisaliti. Mama alikuwa upande wa pili wa nyumba, anapepeta mchele. Nilimsikia kwa masikio yote mawili: moja kwenye simu, lingine hewani.

"Bonjour, madame. Hapa ni servisi tekniki. Ni nyinyi muko na ile gari ndogo ya umeme, kule Kasongo?"

"Ndiyo, baba. Ni miye."

Ungo uliacha kulia. Nikajua amesimama.

"Tumepata maombi yenu, madame. Tangu leo betri yenu imefunguliwa yote. Hamuko tena na nusu."

Hapo beberu letu, ambaye hajawahi kunipenda, akalia karibu kabisa na simu.

"Baba," mama akauliza polepole, "mu biro yenu kuko mbuzi?"

"Ni mteja, madame. Leo tuko na wateja wengi."

Mpango wangu ulikuwa kutokea pale pale nikicheka, nipigwe ndala moja mgongoni, mambo yaishe. Hesabu yote niliyoifanya ilikuwa ya ndala moja. Lakini mama alipiga vigelegele. Vigelegele vya arusi, vile virefu, vinavyomtoa jirani jikoni na mwiko mkononi. Jirani akatoka na mwiko. Wanawake wengine wawili wakaja kutoka kisimani, ndoo bado vichwani. Mama akawaambia, "Wameifungua! Wameifungua yote!" Nao wakaanza kuimba. Mimi bado nilikuwa nimeinama, mdomo kwenye bidoni, nikinusa mawese ya mwaka jana.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mama apigie betri vigelegele, lazima nilieleze lile gari. Na kila nikilieleza, damu inanipanda.

Mdogo wake mama, mjomba wetu anayefanya biashara Bukavu, ndiye aliyemnunulia. Lilifika Kasongo juu ya lori, limefungwa kamba katikati ya magunia ya chumvi kama mwizi anayepelekwa kortini. Gari dogo, jeupe, viti viwili mbele na sanduku la mizigo nyuma. Halingurumi. Mama alijifunza kuliendesha kwa siku tatu, kwenye kiwanja cha mpira cha misheni. "Unakanyaga, inaenda. Unaacha, inasimama. Ni kama punda tu," akasema, yeye ambaye punda hajamwona isipokuwa kwenye picha za Yesu akiingia Yerusalemu. Basi akaanza kwenda vijijini kutafuta mchele na mawese na kuvileta sokoni, mwenyewe kwenye usukani, kitambaa kichwani, mgongo wima. Vijana wa pikipiki walimpigia kelele: "Mama, hiyo ni gari ao ni friji?" Naye akawajibu, "Ni friji. Ingieni niwapoze." Kwa siku chache nilikuwa mtoto wa mtu mkubwa.

Kisha mjomba akapiga simu, sauti chini, kama mtu aliyevunja sahani. Alikuwa amesoma karatasi za gari hadi ukurasa wa mwisho. Betri ni kubwa, akasema, lakini waliouza gari wamefungua nusu tu. Nusu nyingine wameifunga kwa programu, na kuifungua ni wao wenyewe, kutoka kwao huko mbali, kupitia rezo, yaani mtandao wa simu.

"Na hiyo nusu ingine iko wapi?" mama akauliza. Simu ilikuwa juu ya meza, sote tunasikia.

"Iko ndani, dada."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya gari yako."

"Ninatembea nayo?"

"Unatembea nayo."

"Sasa ni yangu ao si yangu?"

Mjomba akasema rezo imekuwa mbaya, akakata. Rezo haikuwa mbaya. Tulimsikia anapumua.

Hebu fikiria. Mtu anakuuzia ngoma, unaibeba kichwani mpaka nyumbani, unatokwa jasho, halafu anakwambia upige upande mmoja tu, upande wa pili bado anakutafutia ruhusa. Uzito wa betri tulibeba wote. Kwenye matope magurudumu yalizama kwa uzito wa betri nzima, na sisi tuliosukuma, mimi na makamasi yangu, tulisukuma betri nzima. Kula tulikula nusu.

Fundi wa pikipiki aliye karibu na soko alilala chini ya gari, akachomeka kipimo chake cha nyaya siku ambayo gari limekataa kabisa kutembea, sufuri kwenye kioo. Akatoka na vumbi kwenye nyusi. "Mama, nguvu iko. Iko mingi hata. Hii si ugonjwa. Ni kukatazwa." Akajaribu kupitisha waya mmoja pembeni, kwa ujanja wake wa mtaani, gari likanuna siku tatu, halikuwasha hata taa. Mama akamwambia aliache, asije akalikasirisha hata ile nusu.

Na jambo lililoniudhi kuliko yote ni mia moja. Pano zetu mbili za umeme wa jua juu ya paa la nyumba zikishamaliza kujaza, kioo cha gari kinaandika 100. Mia ya nini? Ya nusu! Ukiwa na nusu kinaandika mia, na wakikufungulia yote kitaandika mia ile ile. Mjomba aliwauliza, wakamjibu kwamba ni kwa ajili ya kumtuliza dereva asihangaike. Shuleni nilimuuliza mwalimu wa fizikia kama na mimi naweza kujibu nusu ya maswali ya interro, jaribio la darasani, nusu nyingine niseme nimeifunga, halafu aniandikie pointi zote ili nitulie. Alinituma kwa prefe, mkuu wa shule. Prefe naye akaniuliza nimekuja kwa nini, nikamweleza, akacheka, kisha akanipa adhabu ya kulima nyuma ya vyoo. Nililima bustani nzima, sikufunguliwa nusu.

Mjomba aliishia kukubaliana na wale watu, kila kitu walichotaka akawapa, na wao wakasema neno moja: "Tutawapigia." Basi mama akawa anangoja simu. Alienda nayo kisimani, alienda nayo kanisani, alilala nayo chini ya mto. Hicho ndicho kitu nilichokichezea na bidoni.

Lakini mama hakuwa anangoja betri kwa ajili ya mchele. Siku tano kabla ya ujinga wangu, dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, kule alikoolewa, kijiji kilicho upande huu wa Lusangi. Kwetu mtoto anakaa ndani na mama yake mpaka kitovu kianguke. Kesho yake anatolewa nje, anaonyeshwa jua, anapewa jina. Kama ni mtoto wa kwanza, na bibi mzaa mama akawahi kufika kabla hajatolewa, na kuni zake mwenyewe, na chungu chake mwenyewe cha maji ya kumwosha mzazi, na mwanamke mzee wa ukoo wake wa kulitamka jina, basi jina ni la upande wao. Asipowahi, ukweni wanataja la kwao. Wala si ubaya. Jina likishaona jua halirudishwi ndani, basi.

Nyanya, mama yake mama, alikuwa amekufa miaka michache nyuma. Mama ndiye aliyemuuguza, akamgeuza kwenye mkeka, akamlisha uji na kijiko. Nyanya aliomba kitu kimoja, jina lake lisiende naye. Sisi watoto wa mama, sote wanne, tuna majina ya upande wa baba. Kwa hiyo mama alikuwa amemwahidi kwamba jina litapewa mjukuu ambaye bado hayupo. Jina lenyewe siliandiki hapa. Mama atanipiga.

Na mwanamke mzee wa kulitamka alibaki mmoja, mama mkubwa, dada yake mama. Aliwahi kuanguka shambani, nyonga ikaharibika. Pikipiki hawezi kuikalia hata kwa upande. Tulijaribu mara moja kumpeleka hospitali, alipiga kelele mpaka dereva akalia yeye. Mama mkubwa anataka kiti chenye mgongo. Hapo ndipo gari linaingia. Kwa nusu ya betri haliwezi kufika kule. Kwa betri nzima linafika na kubakiza.

Sasa unaelewa vigelegele. Mimi nilivielewa nyuma ya banda la mbuzi, nikiwa nimechelewa kama dakika moja hivi.

Nilijaribu kusema. Naapa nilijaribu. Mara ya kwanza nilipoingia jikoni mama akanikatia kichwa cha samaki, kile ambacho hapewi mtu isipokuwa baba akiwa nyumbani, akasema, "Kula, mwanangu, leo ni furaha." Nikala. Ukila kichwa cha samaki cha mtu huwezi tena kumwambia neno. Mara ya pili nilimkuta anaongea na picha ya Nyanya. Mara ya tatu nilikuwa nimeshafungua mdomo, "Mama, ile simu...", na simu ya kweli ikalia. Alikuwa shemeji, mume wa dada. Kitovu kimeanguka asubuhi. Kesho saa kumi, jua likipoa, mtoto anatoka nje.

Mama aliweka simu chini, akatuangalia sisi wote. "Munaona? Mungu amefungua betri siku ile ile!"

Wewe mwambie mtu wa namna hiyo kwamba Mungu alikuwa ni wewe na bidoni.

Asubuhi tukapakia. Kuni mafungu mawili, chungu kimefungwa kwenye kitenge, kuku watatu miguu juu, mchele, bidoni ya mawese, sasa imejazwa. Hiyo bidoni nilijua uso wake. Nikiipakia nilihisi inanicheka. Mama mkubwa akawekwa kiti cha mbele, mto mgongoni, mimi nikaingia kwenye sanduku na kuku. Kabla hatujaondoka, lori moja linaloenda Salamabila, kwa wachimba dhahabu, likasimama mbele yetu. Dereva anamfahamu mama kwa biashara ya mchele.

"Mama, munaenda upande wa Lusangi? Mupatie mimi huyu muzee, nimuweke mu kabini. Kiti iko, iko na mugongo. Saa sita niko kule."

Hapo. Hapo ndipo mdomo ulitakiwa kufunguka. Maneno mawili tu: panda lori. Nilikuwa nimekaa juu ya kuni, kuku mmoja kati ya magoti, namtazama dereva, namtazama mama.

"Asante, baba," mama akasema, anapigapiga usukani kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Tuko na yetu. Nayo sasa iko nzima."

Lori likaondoka na vumbi lake. Nikakohoa. Mama mkubwa akasema nifunike mdomo. Ulikuwa umeshafunikwa vizuri tu.

Kutoka sandukuni kuna kidirisha, unaona kioo cha gari katikati ya mabega ya watu wa mbele. Niliangalia zile namba kuliko nilivyowahi kuangalia ubao wa shule. Mia. Tisini na nne. Themanini na nane. Zilishuka mwendo ule ule wa kila siku, na mimi nilizijua, maana ni mimi nilikuwa naandika kwenye daftari la hesabu gari likifika wapi kwa namba gani. Kwenye daraja la miti, sabini. Vile vile. Kwenye kanisa lenye bati jekundu, hamsini na tano. Vile vile! Niliomba. Nilimwambia Mungu kwamba kama wale watu wa kampuni wanaweza kufungua betri kutoka mbali, na yeye hashindwi. Arobaini na mbili.

"Mbona inashuka kama zamani?" mama akauliza bila kugeuka.

"Inazoea kwanza," nikasema kupitia kidirisha. "Betri ikifunguliwa mpya, inazoea."

Huo ni ujinga wa pili, na wa pili haukuwa mchezo. Wa kwanza ningeweza kuuita utani. Huu niliusema namba ziko mbele ya macho yangu.

Baada ya hapo mama aliendesha polepole, akazima feni, akashuka milima bila kukanyaga. Ishirini. Kumi na moja. Mama mkubwa alikuwa anamsimulia kwa Kizimba, lugha ya kwao, siku Nyanya alipomfukuza mwizi wa mihogo akiwa na mimba ya mama. Nne. Mbili. Katikati ya mpando wa mlima, mkono wa kushoto shamba la mihogo, mkono wa kulia majani marefu, gari likapunguza, likapunguza, likasimama kistaarabu kabisa, kama mtu anayekupisha mlangoni. Kwenye kioo ilitokea sufuri, kisha ikaondoka, pakaandikwa kwa Kifaransa: uwezo umewekewa kikomo, wasiliana na muuzaji wako.

Mama akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Mara ya tatu akaacha mkono juu ya ufunguo.

"Imechoka?" mama mkubwa akauliza.

Mama akamjibu dada yake mkubwa, "Haijachoka, yaya. Iko na nguvu. Wanaikataza."

Jua lilikuwa juu ya kichwa. Mbele yetu ilibaki milima miwili na kijito kimoja. Chini ya makalio yetu, kwa kipimo cha yule fundi, ilikuwepo nguvu ya kuvuka hiyo milima na kurudi na kuivuka tena, imekaa tu, imekunja mikono. Niliruka chini, nikapiga gurudumu teke, nikaumia kidole. Nikapiga la pili. Nikalitukana gari, nikamtukana aliyeliunda na aliyeketi huko mbali akiweka kidole kwenye kitufe asichokibonyeza. Mama alishuka na simu, akaiinua juu kutafuta rezo, akapanda jiwe.

"Nitawapigia. Yule bwana alisema yote. Alisema mu sikio yangu. Pengine wamekosea kitufe."

Rezo haikuwepo. Aliinua mkono zaidi, amesimama juu ya jiwe kwa vidole vya miguu, kitambaa kimeteleza kichwani. Sikuweza tena.

"Mama, shuka. Hakuna wa kupigia. Yule bwana ni mimi."

Alishusha mkono.

"Nilisemea mu bidoni. Ile ya mawese." Nikaonyesha sandukuni, kana kwamba kitu alichokosa kuelewa ni bidoni ipi. "Nilitaka ucheke."

Hakunipiga. Ningelipa chochote anipige. Alinitazama tu, kisha akatazama jua, akapima kwa kiganja lilipo, akageuka kwa mama mkubwa. "Yaya, tutatembea."

"Na miguu ya nani?" mama mkubwa akauliza.

Kutoka shambani alikuwa ametoka mzee mmoja na jembe, pamoja na mke wake, kuangalia gari linalokufa bila moshi. Na chini ya mpando walikuwa wanapanda vijana wawili, wanasukuma baiskeli zilizosheheni mawese kwenda Lusangi. Walisimama, wakauliza. Mama akawaeleza habari ya mtoto na jina, kwa maneno machache, bila kunitaja. Kusikia jina la marehemu linangoja, mzee akaweka jembe chini. "Basi ni kipoyi," akasema.

Kipoyi ni kile kiti cha kubebea watu mabegani, kama wanavyobebwa wagonjwa wetu kwenda hospitali. Miti ilikuwepo, mzee alikata miwili pale pale. Kiti hakikuwepo. Kijana mmoja wa baiskeli akainamia ndani ya gari, akaanza kucheka. "Mbona kiti iko?"

Boloni nne tu, bolti za chuma, zilikishika. Funguo za kuzifungulia zilikuwa chini ya kiti chenyewe, kwenye mfuko wa gari, mpya, hazijawahi kutumika. Nilizifungua mimi, nikichubuka vidole, na hizo hazikuomba ruhusa kwa mtu yeyote huko mbali. Tukatoa kiti cha mbele kizima, na kile kichwa chake cha kuegemea, tukakifunga kamba kwenye miti, tukampandisha mama mkubwa na mto wake. Mke wa mzee akabaki kulinda gari na baiskeli. Mzee na kijana mmoja mbele, mimi na kijana mwingine nyuma. Mama akaweka kuni kichwani, chungu mgongoni kama mtoto, kuku mkononi.

Mama mkubwa alikaa juu, akatazama mihogo kutoka pale juu, akajaribu mgongo wa kiti. "Hii sasa ni gari," akasema. "Haina namba."

Kijana aliyekuwa pembeni yangu alicheka mpaka kipoyi kikayumba. Mimi sikucheka. Bega lilianza kuwaka kabla hatujamaliza mpando wa kwanza. Njiani watu waliacha majembe. "Mama, na gari yenyewe iko wapi?" wakauliza. "Inakuja," mama akawajibu, bila kusimama. Watoto walitufuata wakiimba pipii, pipii. Siku nyingine ningewaongoza mimi. Kwenye kijito maji yalifika magotini, viatu vyangu vya shule vikajaa mchanga, na kila nikitaka kuomba tupumzike namwona mama mbele, kuni zinatikisika kichwani, hageuki hata mara moja. Saa kumi ilitupita kwenye mlima wa mwisho. Tuliijua kwa kengele ya shule fulani chini bondeni. Mama aliisikia. Aliongeza mwendo kana kwamba saa inaweza kushikwa mkia.

Tulipoingia kwenye uwanja wa ukweni, mtoto alikuwa nje.

Alikuwa mikononi mwa shangazi yake shemeji, amefunikwa kitambaa cheupe, na watu wamekaa kwenye mikeka, wanakula. Mama yake shemeji akasimama haraka, akaja kumpokea mama kuni kwa mikono yake mwenyewe. "Tuliwangoja, mukwe wangu. Tuliwangoja mpaka jua likashuka mu paa ya jikoni. Simu yenu haikupita. Wazee wakasema mutoto asishikwe na baridi." Na kweli walikuwa wamengoja. Mkeka wetu ulikuwa umetandikwa, tupu, mbele ya mikeka yote.

"Mulipata nini mu njia?" shemeji akauliza.

Nilishusha kipoyi. Nikajua sasa ndiyo zamu yangu. Mama akanitangulia.

"Betri ilitudanganya," akasema.

Watu wote wakatikisa vichwa, wakasikitika juu ya magari ya siku hizi. Mama akanawa mikono, akamchukua mtoto, akafunua kitambaa usoni. Akamwita kwa lile jina alilopewa, jina la upande ule, moja kwa moja, bila kigugumizi, mara mbili. Mama mkubwa, kwenye kiti chake cha gari katikati ya uwanja, alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Alikuwa analitamka lile lingine kimya kimya.

Baadaye mama akapika maji kwenye chungu chake, kwa kuni zake, akamwosha dada yangu kama inavyotakiwa. Nilimsikia dada anamwambia pole, na mama anamjibu kwamba mtoto ni mzuri, ana vidole virefu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, natoa mchanga viatuni. Mama akatokea na beseni, akamwaga maji kwenye majani, akaligeuza kifudifudi likauke. Akasimama mbele yangu. Hiki ndicho alichokisema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nimesingizia betri mbele ya wakwe. Lakini ile betri, mwisho wake iliandika ukweli. Kwenye kioo iliandika kwamba wameifunga. Weye mutoto yangu, nikikuangalia uso, nitasoma wapi? Kesho utabeba kile kiti mugongoni, urudi ukakifunge mu gari, halafu ukae humo mpaka kampuni ya kweli ipige simu."